Utando Chini ya Nyasi za Tororo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka nyumbani Busia, upande wa Kenya, nikiwa na nyundo yangu mwenyewe kiunoni, kwa maana nilishajua kupiga mabati na nilidhani paa ni mabati tu. Foremani Mkuu, mtu mnene aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka, alinipandisha juu ya ghala moja karibu na mpaka, akanionyesha slebu, yaani paa tambarare la zege, akasema, "Fagia." Nikafagia. Akaja, akapitisha kiganja chake sakafuni, akakitazama.

"Fagia tena, Wandera."

Nilifagia mpaka mgongo ukaniuma. Hapo ndipo aliponieleza. "Lami haishiki vumbi, inashika zege. Ukiacha vumbi katikati, umeyafungulia maji mlango."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mmekuta mambo mepesi. Sisi tulichemsha lami ndani ya pipa, tukaibeba kwa ndoo ngaziani, tukaimwaga ikiwa bado inatokota. Moshi wake ulikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Mke wangu alikuwa akinitambua kwa harufu kabla sijabisha hodi. Baadaye ikaja membreni, utando mzito wa lami uliokunjwa kama mkeka, na tochi ya gesi ya kuuyeyusha kwa chini. Unaufunua utando, unauchoma mpaka uso wake ung'ae kama uliolowa, kisha unaukandamiza. Pale vipande viwili vinapokutana, kimoja hulalia kingine upana wa kiganja. Ukiona uzi mwembamba wa lami umechungulia ukingoni, ujue kiungo kimeshika. Usipouona, rudia.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mwenye tochi hutazama moto, na mwenye kufunua hutazama njia. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, mwenye kufunua alikuwa Owori.

Tulikutana Dabani, upande wa Uganda, kwenye paa la zahanati. Owori alikuwa Mjopadhola wa kijiji cha Nabuyoga, upande wa Tororo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kununulia na kuuzia mpakani. Siku ile ya kwanza alinitazama nikichoma, akasema, "Wewe nachoma kama mtu anakimbia polisi. Polepole." Nikapunguza mwendo. Tangu hapo kontrakta akimtaka mmoja wetu alituchukua wote wawili. Tulifanya kazi Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, Malaba, na mwishowe Tororo. Nilimjua mkewe Athieno na watoto wao, naye alimjua binti yangu Nekesa tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Kazi ya Tororo ilikuwa hoteli, na paa lake halikufanana na lolote tulilowahi kulifunika. Mwenye mali alitaka bustani juu. Madam Injinia, mwanamke kijana aliyekuwa mkuu wa saiti, alitukusanya asubuhi ya kwanza na kutueleza bila kujivuna. Juu ya membreni litakuja tabaka la kuzuia mizizi, maana mzizi hutafuta maji hata ndani ya lami. Kisha plastiki yenye vikombe vya kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja, udongo mwepesi uliochanganywa na kokoto, na mwisho nyasi na maua.

"Paa la kawaida likivuja, utapanda na kiraka," alisema. "Hili likivuja, utabomoa shamba zima kutafuta tundu. Kwa hiyo tunafanya mara moja."

Owori alicheka kwa mshangao. "Kwetu shamba liko chini. Hapa watu wanabeba shamba kwa kichwa."

Tulihangaika na lile paa. Kila upepo ulipovuma kutoka kiwanda cha saruji kilicho jirani ulituletea vumbi, jeupe na laini, likatanda juu ya slebu tuliyokwisha kuisafisha. Tulifagia, tukapangusa kwa vitambaa, tukapaka praima, ile rangi nyeusi nyepesi inayotangulia utando, tukakimbilia kuchoma kabla upepo haujarudi. Mawingu nayo yalijikusanya nyuma ya Mwamba wa Tororo karibu kila alasiri. Chini yetu mafundi walikuwa wameanza kufunga dari za mbao, na maji yangeziharibu. Msimamizi wa kontrakta wetu alipita kila baada ya muda akiuliza, "Mmefika wapi?"

Katikati ya paa palikuwa na tundu la mwanga, ambalo baadaye lingewekwa kioo ili jua lishuke hadi kwenye ngazi za ndani. Lilifunikwa kwa ubao mzito, na sisi tulilizoea kama mtu anavyozoea nguzo nyumbani kwake. Siku ya mwisho ya kuchoma, wakati tumeshuka kula, watu walipanda kupima kioo. Waliuondoa ubao. Walipomaliza waliutandaza mfuko mkubwa wa nailoni juu ya tundu, wakaukandamiza kwa matofali pembeni. Ni nani hasa aliyefanya hivyo sikupata kujua. Polisi waliuliza baadaye, na kila mtu alidai alishuka kabla ya mwenzake.

Tuliporudi mawingu yalikuwa yamekaribia. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja na kiungo chake. Owori aliishika ncha ya membreni akaanza kuivuta ili kuinyoosha, akirudi kinyumenyume kama tunavyofanya sote. Mimi nilikuwa nimeinama nikiwasha tochi. Sikusikia kelele. Niliona tu utando umeacha kusogea, na nilipoinua macho hapakuwa na mtu upande wa pili, ila nailoni iliyozama ndani ya tundu.

Nilimkuta kwenye ngazi za chini, amelala chali. Macho yake yalikuwa wazi na alikuwa akiongea, ndiyo maana nilijipa moyo. Madam Injinia alikuwa amepiga magoti kando yake, akimshika kichwa asikisogeze, huku akiwapigia watu kelele walete ubao na gari.

"Miguu yangu iko wapi?" Owori aliniuliza.

"Ipo. Usisogee."

"Mimi sisikii hiyo miguu."

Tulimpakia nyuma ya pikapu. Nilipoweka mguu nipande, akanishika suruali.

"Wewe nakwenda wapi?"

"Nakwenda na wewe hospitali."

"Hapana. Ile joint ya mwisho iko wazi. Mvua nakuja."

"Owori, achana na mambo ya kiungo."

"Wandera." Alivuta pumzi kwa shida. "Maji naingia, kazi yetu yote naharibika. Wewe rudi juu. Mimi na wewe tutaonana jioni."

Nilimtazama Madam Injinia. Hakuniamuru chochote. Alisema tu, "Mzee, uamuzi ni wako. Mimi naenda naye, sitamwacha." Owori alikuwa bado amenishika suruali, kisha akaiachia na kunisukuma kidogo kwa vidole. Nikashuka. Pikapu ikaondoka.

Msimamizi alipanda nami. Yeye ndiye aliyefunua utando na mimi nikachoma. Niliishika tochi kwa mikono yote miwili. Nilichoma polepole, kama Owori alivyonifundisha. Matone ya kwanza yalianguka juu ya lami ya moto yakachemka na kutoweka. Nilipouona ule uzi mweusi umechungulia mpaka mwisho wa kiungo, mvua ilishuka kwa nguvu. Sikukimbia. Niliketi palepale nikasubiri habari.

Madam Injinia hakuwa na desturi ya kupanda bila kuita kwanza. Safari hii nilimwona tu ametokea ngazini, viatu vimejaa maji, nywele zimemlalia usoni. Alikuja akaketi kando yangu mvuani.

"Mzee Wandera, zima tochi," alisema. Hata sikujua kwamba ilikuwa bado inawaka. Nikaizima. Ndipo akasema, "Ametuacha njiani, kabla hatujafika. Alikuwa anauliza kama umemaliza."

Tulimzika Nabuyoga. Mvua ya msimu ule ilinyesha vizuri, na kile kiungo hakikuvuja tone. Tuliziba mifereji, tukajaza maji juu ya paa siku kadhaa kulijaribu, na dari chini zikabaki kavu. Kisha wakapandisha udongo, wakapanda nyasi, na wageni wakaja kunywa chai kwenye bustani. Walilisifu paa lile redioni, kwa picha, na kwa hotuba. Kazi yetu ilikuwa imekwisha kufukiwa.

Athieno aliniomba jambo moja tu: aone mahali penyewe. Mara mbili walinzi walimrudisha getini. Mwaka uliofuata niliitwa kusafisha mifereji, kwani bustani ya juu lazima ikaguliwe, nikamwomba Madam Injinia, naye akamwingiza kwa mkono wake. Athieno alisimama kando ya kioo kwa muda mrefu akitazama ngazi zilizo chini. Kisha akayageukia maua. Aliinama, akang'oa gugu moja, halafu lingine.

"Shemeji," aliniambia bila kuinua kichwa, "mwaka ule shamba letu halikulimwa. Kila nikimwuliza, alisema akimaliza Tororo atarudi kulima. Kumbe alikuwa hapa analima kwa watu."

Alikusanya yale magugu kwenye kanga yake akashuka nayo.

Nilifanya kazi miaka michache zaidi. Nilipewa wafunuaji wengine, watu wazuri, lakini kila mara niliacha kutazama moto nikatazama nyuma yao, na mwenye tochi asiyetazama moto huharibu utando. Magoti nayo yalikwisha kwa kupigwa juu ya slebu. Nikamrudishia kontrakta tochi, tukaagana kwa heshima. Watu hunihurumia magoti. Hayo nimeyazoea.

Nekesa aliolewa mwaka jana, hapa Busia. Baada ya kanisa tulipangwa kwenye ngazi kwa ajili ya picha. Mpiga picha alituweka sawa, akaanza kurudi nyuma, jicho lake kwenye kamera, hatua kwa hatua, akituambia tutabasamu. Nyuma yake palikuwa na uwanja mtupu wenye nyasi. Sikumbuki kuteremka. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimemkamata shati kwa mikono miwili, na watu walikuwa wakicheka.

"Mzee, niachie basi," kijana yule alisema kwa upole. "Nipige picha."

Mke wangu hakucheka. Alishuka, akanibandua vidole kimoja kimoja, akanirudisha kwenye mstari.