Jante Niliyoigonga kwa Ajili ya Pointi Moja

Watu wa mji wetu wa Baraka wakinisalimia "Prezida" huwa natazama chini, nanyi rafiki zangu mmekuwa mkidhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata kidogo, ni aibu, na leo naitoa yote hata kama mtanicheka.

Nilicheza basketi Lubumbashi kwa mshahara miaka sita (ndiyo, mimi huyu mwenye kitambi), goti likaharibika, nikarudi nyumbani na viatu vizuri na majivuno mengi, vita ikanikuta huku. Nikaanzisha timu ya wasichana, nikawa kocha wao, kisha nikachaguliwa rais wa kamati ya basketi, na kwa kuwa saa iliyotembea sawasawa ilikuwa yangu tu, nikawa pia mtunza muda. Kila siku niliwaambia wachezaji: kiongozi hutoka uwanjani wa mwisho. Maneno hayo yawekeni akiba.

Kando ya uwanja ilining'inia jante, rimu ya chuma ya gurudumu la lori. Kabla ya vita tuliigonga kumaliza mechi. Vita ilipoingia ikapewa kazi nyingine: ikigongwa mfululizo, maana yake kimbieni, na tangu hapo hakuna aliyeigusa kwa mchezo.

Alasiri ile tulicheza na timu ya Mboko. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, Furaha, kapteni wetu, ameketi pembeni na kifundo cha mguu kilichovimba, na msichana mmoja wa Mboko akaupata mpira chini kabisa ya kikapu chetu. Natazama saa, muda umekwisha! Mwamuzi hanitazami, napuliza filimbi, kelele za mashabiki zinaimeza, na mimi niliyeitaka ile pointi moja kuliko chakula nikashika chuma nikaigonga jante, ngo! ngo! ngo!, kama zamani.

Wachezaji wakasimama. Nikainua mikono kushangilia, peke yangu. Kisha watu wakaanza kumiminika kutoka sokoni na majumbani, na magodoro kichwani, na watoto, na sufuria za bugali bado moto, wakipiga kelele, "Banakuya! Banakuya!", yaani wenye bunduki wanakuja. Na mimi (hapa mcheke kama mnaweza) sikukumbuka kwamba ni mimi niliyewakimbiza. Niliamini. Nikashika njia ya Mboko kwa mbio ambazo Lubumbashi hawakuziona hata siku moja.

Nilisimama pumzi iliponiishia, katikati ya umati. Mzee mmoja akauliza, "Masasi ililia wapi?"

Hakuna aliyesikia risasi. "Siye tulisikia tu jante," mtu akajibu.

"Na nani aliipiga?"

Yule msichana wa Mboko aliyekuwa na mpira akaninyooshea kidole. "Ni huyu koch. Aliogopa nitatia."

Hakuna aliyenigusa. Mama mmoja aliyekuwa akimtafuta mtoto wake katika umati alinitazama tu, na afadhali angenipiga. (Mtoto alipatikana kabla jua halijazama, Mungu asifiwe.)

Nilirudi nikiwa na filimbi shingoni. Uwanjani ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilikuwa zimetapakaa mchangani. Mama Wabiwa, muuza ndagala, alikuwa amemwaga beseni lake lote, akamfunga Furaha mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, msichana aliyemzidi urefu, akamfikisha hadi ziwani. Nilimkuta Furaha nyumbani kwa mama huyo, mguu ndani ya maji ya chumvi.

"Koch, nilikuita mara tatu."

"Mi sikusikia, mutoto yangu. Makelele ilikuwa mingi."

"Ndiyo, koch," akasema. "Makelele ilikuwa mingi." Akageukia ukuta.

Leo mimi ni rais wa ligi, na Furaha ndiye kocha wa timu ile. Mechi ikiisha nabaki hadi mtu wa mwisho atoke, hata mvua inyeshe, na geti nafunga mwenyewe. Watu husema ni bidii. Jante niliapa kutoigusa tena maishani, na kiapo hicho ni chepesi. Kizito kilikuwa kingine, nacho nilikiweza Jumamosi iliyopita tu, tulipobaki wawili getini. Nilimwambia Furaha kwamba siku ile nilisikia. Mara zote tatu.

"Najua, koch," akasema. "Ile ya pili uligeukaka, ukaniangalia."

Kisha akaupokea ufunguo mkononi mwangu, akafunga geti yeye.