Mahindi Yaliyopita Tanurini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la majaribio karibu na Korogwe, Bwana Mtafiti, Mwingereza, alinipa ndoo akaniambia nijaze sinia. Lilikuwa sinia pana la bati, limewekwa juani ili tupime maji yanayochukuliwa na hewa. Mimi niliyetoka chuoni kusoma Kurani nilishukuru kupewa kazi ya kutazama rehema za Mola zikipanda na kushuka.

Baadaye tulihamishiwa Mazingara, upande wa Handeni. Huko tulizika mapipa mawili ya udongo juu ya mizani, moja la udongo mtupu, jingine lililopandwa mahindi. Pipa likipungua uzito, tulijua maji yamekwenda angani. Katika lile tupu, udongo wa juu ukishakauka, jua halikuwa na maji ya kuinua, likabaki kuuchoma udongo. Katika lile la mahindi, maji yalipanda kwa mizizi na kutokea kwenye vitundu vya majani.

"Jani ni nyumba ya mlango mmoja," Bwana alinifundisha. "Likifungua lipate hewa, maji yanatoka. Likifunga, linashinda na njaa."

Mwaka ule mvua haikunyesha. Lori lilituletea maji kutoka Korogwe. Mahindi ya pipa yakazaa, ya watu yakafa. Jirani yetu, Mama Zuhura, alikuwa amekwisha kula mbegu zake, yeye na wanawe. Akaja kwenye ua wa seng'enge, akaniita.

"Bwana shamba, mnanywesha pipa! Basi nizikeni na mie humo, niote."

Wanawake aliokuja nao wakacheka. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nipe hindi moja tu. Mvua ikija nitapanda nini?"

Nilimwombea kwa Bwana.

"Nikitoa hata moja, maji yote yamemwagwa bure," alijibu. "Lazima yakaushwe yote tanurini, tupime uzito mkavu. Baadaye achukue."

"Bwana, moto ule unaua mbegu."

"Najua," akasema, bila kunitazama.

Yalipotoka tanurini nilimpelekea, nikamweleza wazi. "Mama, haya ni ya kupika. Mbegu hupumua kama sisi, na hizi zimekata pumzi. Hazitaota."

Alichagua punje kubwa kubwa, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Wewe umesoma Kurani. Anayeotesha ni nani?"



Mvua ilikuja, tena nzuri. Waliobakiza mbegu walikuwa wanapalilia nilipopita shambani kwake. Nilimkuta amepiga magoti, akifukua mashimo kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Labda zimechelewa."

Sasa nimestaafu. Namshukuru Mungu kwa riziki na kwa umri, na vipimo vyetu vilikuwa sahihi, sina shaka navyo. Namwomba subira. Lakini mvua ya kwanza inapolowesha ardhi na watu wote wanatoka nje kufurahi, mimi hukaa ndani na tasbihi yangu mpaka harufu ya udongo iishe.