Manjano ya Mpolandi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Nairobi kutazama picha. Ukutani nikaikuta Lamu ya utoto wangu: punda wa kijani, misikiti ya zambarau, na katikati msichana wa uso wa manjano akipaa juu ya nyumba kama kishada kilichokatika uzi. Kijana wa maonyesho akatueleza kwa heshima kubwa kwamba mchoraji, Mpolandi aliyeihama nchi yake, aliyaona yale usingizini. Nilicheka hadi watu wakageuka. Ndugu msomaji, manjano yale nayajua. Niliyasaga mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami msichana wa chuoni, bado nasoma Kurani. Mpolandi alikodi chumba cha juu mtaani petu. Alichora kutwa nzima, kaptula imeganda rangi, na sisi tulimdharau kwa moyo safi. Punda wake walikuwa na masikio ya mbuzi. Fundi mmoja wa majahazi kutoka kijiji cha Matondoni aliitazama mashua aliyoichora, akauliza maji yangeingilia wapi kwanza.

Kwetu mwanamume akipanda darini, hata fundi wa makuti, hupiga hodi kwa sauti ili wanawake waliomo viwandani, zile nyua za ndani zisizo na paa, wajifunike. Mpolandi aliambiwa. Akaitikia kwa kichwa, kisha akapanda kimya kama paka. Bibi yangu akasema, “Mato anayo, haya hana,” yaani macho.

Jirani yetu alikuwa na binti aliyewekwa ndani kungoja harusi, na bibi ndiye aliyekuwa somo wake, mwenye kumtengeneza. Sisi wasichana tulisaga liwa, ule mti wa kunukia, na manjano juu ya jiwe, nguo zetu zikinuka udi na asumini, naye akasingwa pale kiwandani mpaka uso ukang'aa wote. Hakuna mwanamume aliyestahili kumwona vile, hata mchumba wake.

Siku mbili tatu baadaye Mpolandi alianika picha zake barazani zikauke. Mama wa bwana harusi akapita, akaiona ile ya msichana wa manjano. Mtaa mzima ulikuwa na mwari mmoja tu aliyepakwa liwa, na yule asiyelijua sikio la punda, kovu la kidevu cha binti lilikuwa limemtoka sawasawa. Mama yule akapanda ngazi za jirani.

“Bi, mwana wenu mumemweka ndani au mumemweka ndiani?” Ndiani kwetu ni njiani.

Kabla ya magharibi posa ilikuwa imevunjika.

Mpolandi alikuja mlangoni kwa jirani na picha kwapani, eti awape zawadi. “Si yeye, Mama. Ndoto tu.”

“Mwenye kuota hulala kwao, Bwana!” jirani akamjibu nyuma ya pazia.

Akatabasamu, akainama. Nadhani aliamini ametakiwa usingizi mwema.

Binti aliozwa mjane mmoja wa Pate, mtu wa makamo, akaondoka bila vugo, zile pembe za ng'ombe ambazo wanawake huzigonga wakiimba harusini. Bibi alikuwa amekwisha kuzipaka mafuta pembe zake. Akazirudisha kidakani, shubaka la ukutani, na hazikushuka tena hadi alipokufa. Waliozijua nyimbo zile wamekwisha, na nyumba zao zimeuzwa. Binti naye alizeekea Pate. Kila nilipomzuru alinipikia vizuri, akaniuliza habari za kila mlango wa mtaa wetu, isipokuwa mlango wa kwao.