Maneno ya Kazi ya Mwanangu

Mke wangu alipokuwa hai, simu ya mwanetu ilikuwa yake. Kijana alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi ya viyoyozi, na kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alipiga. Mama yake alikuwa akiketi kitandani, akiongea naye mpaka chai ipoe, kisha akinipa simu nisalimie. Mimi nilikuwa polisi. Nilizoea kutoa ripoti, si kupiga soga. Nilisema, "Chunga kazi," nikairudisha.

Mama yake alipofariki, simu ikabaki kwangu.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Joto?"

"Kali."

Kisha tulinyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka yeye aseme kuna kazi inamwita. Nilijua haikuwepo.

Ijumaa moja akasema amechoka, kompresa imewasumbua juu ya paa wiki nzima. Nikajibu, "Pole," maana sikujua kompresa ni kitu gani. Mama yake angeuliza.

Kesho yake nikatoka kwangu Namuwongo, kando ya reli, kwa bodaboda mpaka mtaa wa Kisenyi, kwa fundi mmoja Mkongo anayetengeneza friji na viyoyozi. Alidhani nimeleta kitu kibovu.

"Sina friji," nikamwambia. "Nataka kujua kompresa ni nini. Ndiyo kazi ya mwanangu."

Akanitazama kidogo, akanisogezea kreti ya soda nikae. Nyuma ya friji iliyokuwa ikinguruma akanionyesha chuma cheusi cha mviringo.

"Hii ndiyo kompresa, mzee. Inaibana gesi mpaka inapata moto, inaisukuma izunguke." Akanishikisha bomba la moto, halafu lingine la baridi. "Kiyoyozi ni vilevile. Watu wanafikiri kinaleta baridi. Hapana. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje. Gesi ndiyo inalibeba."

"Na gesi ikiisha?"

"Haiishi kama petroli. Ikipungua, ujue inavuja mahali."

Akanionyesha kichujio, wavu unaoshika vumbi. Ukiziba, hewa haipiti. Nikamuuliza kama kiyoyozi huingiza hewa safi. Akasema vile vya ukutani vingi huzungusha hewa ileile ya chumbani. Hewa mpya lazima uifungulie dirisha, au ijengewe njia yake.

Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yale kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kushangaa.

Ijumaa alipopiga nikamuuliza, "Ile kompresa, gesi ilikuwa inavuja, au kichujio kiliziba?"

"Baba, nani kakwambia mambo hayo?"

"Nimeuliza."

Basi akaanza kusema. Ilikuwa gesi, ufa wenyewe mdogo kama unywele. Akanieleza kwamba mashine zote za jengo zinatemea joto lao paani, na wakati watu wa chini wamevaa sweta, yeye amesimama katikati ya joto walilolitoa. Mwenzake mmoja alizimia huko juu, wakamshusha wamembeba mabegani. Usiku ule mwanangu hakulala.

"Nilitaka kumwambia Mama," akasema. "Nikashika simu kabisa. Halafu nikakumbuka."

"Hata mimi," nikasema. "Ukipiga, bado nageuka nimpe."

Nilimsikia akipenga kamasi. Nikamwambia anywe maji mengi, na apande paani asubuhi kabla jua halijakomaa. Akasema ndiyo, Baba. Ndipo akanieleza kwamba ameongeza mkataba, hatarudi karibuni. Nikajibu nimesikia.

Tangu hapo tunaongea mpaka simu yangu ipate moto sikioni. Huwa naenda Kisenyi. Fundi ananionyesha kitu kipya, nami nakihifadhi kichwani nije kumuuliza mwanangu. Mpaka Ijumaa ifike, sina mwingine wa kuongea naye. Napika chai, naketi upande wangu wa kitanda, na treni ya mizigo inapita.