Miezi Mitatu ya Kuutibu Mtandao

Feni moja tuliyo nayo sebuleni niliielekeza kwenye ruta. Mama alikuwa amekaa mkekani kando yake, akijipepea kwa ncha ya shali, na joto la Garissa mwezi wa Februari halina mzaha. Lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba kifaa kikipata moto hupunguza kasi, na mimi nikisoma jambo huliamini. Hiyo ndiyo hasara ya kusomeshwa sana.

"Hooyo, hicho kisanduku kinaumwa?" mama akauliza. Kwetu mama na mwana huitana kwa neno hilo hilo moja, hooyo, hata mwana akiwa na mvi kama zangu.

"Kina homa."

"Basi kipe maji kabisa," akasema, akageukia upande wa pili.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mtoto. Dada yangu mdogo, aliyehamia Uswidi miaka tisa iliyopita, alikuwa amejifungua msichana baada ya kungoja kwa muda mrefu. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri alitupigia kwa video, na mama akaketi mbele ya kompyuta yangu amejifukiza udi kama anayekwenda harusini. Alitaka kitu kimoja tu: ajue mjukuu amechukua pua ya nani. Marehemu baba alikuwa na pua ndefu, iliyopinda kidogo katikati. Mimi niliirithi nzima nzima, dada akaponea chupuchupu. Mama alikuwa na hakika kwamba pua hiyo haiwezi kuwa imeishia kwangu, maana kwangu haikwenda popote; sikujaliwa mtoto.

Basi kila Ijumaa alisogeza uso hadi karibu aguse kioo, kisha akarudi nyuma. "Ukungu," akasema. "Naona ukungu tu."

Nikitazama, ni kweli. Uso wa dada ulikuwa umekatika vipande vya mraba, na maneno yalifika baada ya midomo kufunga. "Ni mtandao, hooyo," nikasema. "Nitautengeneza."

Nina shahada mbili. Hakuna hata moja inayohusu kompyuta, lakini mtu wa shahada mbili huona haya kuuliza. Nilizima ruta nikaiwasha. Niliitoa nyuma ya kabati la chuma nikaiweka dirishani, kisha juu ya kabati, kisha juu ya ndoo iliyofudikizwa katikati ya sebule, tukawa tunaizunguka kama mgeni. Nilifuta programu ambazo sikumbuki kuziweka. Nilinunua waya mrefu sokoni nikauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilisaka virusi siku nzima nikapata kimoja, nikajisifu mbele ya mama kama niliyeua fisi zizini. Nilipima kasi asubuhi, adhuhuri na alasiri, nikaandika katika daftari. Kampuni ya mtandao nilipoipigia iliniwekea muziki.

Katika wiki hizo hizo mama alianza kutumbukiza kidole kikombeni anapomimina chai, ili ajue imefika wapi. Nilimwona. Nilidhani ni mazoea ya uzee, nikarudi kwenye daftari langu.

Mwezi wa tatu nilikubali kushindwa, nikamwita fundi, mama mmoja wa Mwingi mwenye kibanda cha simu na kompyuta karibu na soko. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akafungua mipangilio ya ruta.

"Mwalimu, hapa ni nyumbani ama ni saiba ya kulipisha watu intaneti?"

"Nyumbani. Tuko wawili."

"Wawili? Mimi naona vifaa ishirini na viwili hapa ndani. Wengine wako wapi, chini ya kitanda?"

Nilimgeukia mama. Hakujificha hata kidogo. Paswadi niliyomwandikia kwenye karatasi, ikiwa atahitaji, alikuwa amempa mwalimu wa madrasa wa nyuma ya ukuta, na jirani anayeuza maziwa ya ngamia ambaye mwanawe yuko Elwak, na kila aliyebisha hodi.

"Mtu amesimama mlangoni anataka kumsikia mwanawe," akasema. "Nimwambie nini? Kwamba mwanangu amefunga hewa?"

Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akabadilisha paswadi, na sikumwambia mama ile mpya. Dakika hiyo hiyo mtaa wetu wote wa Galbet, naapa, ulinyamaza.

Kesho yake yule jirani wa maziwa alinikuta langoni. "Mwalimu, nasikia mtandao wenu umekufa. Pole sana. Inshallah utapona."

"Inshallah," nikajibu, nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa ikafika. Dada alipopiga, picha ilikuja safi kama maji ya glasi. Niliona mvi mbili juu ya sikio lake ambazo hakuna aliyeniambia. Niliona hadi uzi uliofumuka kwenye blanketi. Moyo ulinijaa kiburi. Dada akamwinua mtoto mbele ya kamera. Alikuwa macho, macho makubwa yanayong'aa, akitafuna ngumi yake bila sauti.

Mama aliinama mbele. Alitazama kwa muda mrefu, kidogo kando ya kioo, upande wa dirisha.

"Mashallah," akasema polepole. "Amelala vizuri. Usimwamshe."

Dada alinitazama, nami nikamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kuonana sawasawa, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kwamba ameelewa.

"Bado kuna ukungu kidogo," mama akaongeza, akinigusa goti. "Lakini umejitahidi, hooyo."

Daktari alituambia ni presha ya macho. Huja bila maumivu, alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa za matone zingelinda kile kidogo kilichobaki. Kisha akauliza dalili zilianza lini, na kwa nini tulichelewa.

"Tulidhani ni mtandao," nikasema.

Nilitamani acheke. Aliandika kitu kwenye faili.

Njiani kurudi nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia kwamba hata kikombe hakioni. "Ulisema ni mtandao," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Jioni ile nilikwenda mwenyewe kwa jirani wa maziwa nikampa paswadi. Nilimwandikia na mwalimu wa madrasa. Wengine walijipatia, kama walivyojipatia mwanzo. Feni nimeirudisha kwa mama.

Ijumaa iliyopita dada alipiga kama kawaida. Tulisalimiana, mtoto akapiga kelele mara moja, kisha picha ikaganda, uso wake mdogo katikati ya kioo. Sikuigusa ruta.

"Sasa niambie," mama akasema. "Ile pua."

Ukweli ni kwamba pua ya mtoto wa miezi minne haifanani na chochote, ni kitufe. Nilikuwa bado natafuta maneno pale mkono wa mama uliponifikia usoni. Ulipapasa paji la uso, ukashuka, ukasimama kwenye pua yangu, pale inapopinda. Vidole vilinukia udi.

"Kama hii?" akauliza.

"Kama hii," nikasema. "Ila ndogo."

Hakuuondoa mkono. Tulikaa vivyo hivyo mbele ya kompyuta, picha imeganda, nami sikusogea.