Siku Niliyopaka Breki Mafuta ya Mkate

Ndugu zangu, mimi mke wangu nilimposa nikiwa ndani ya banda la kuku, nimefunikwa shuka lililolowa maji, na jogoo amesimama mgongoni kwangu.

Chekeni tu. Nyinyi hamkuwepo.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mwoka mikate. Kazini naenda na baiskeli, narudi na baiskeli, na ukinikuta kwa miguu ujue nimeibiwa. Ni baiskeli ya kawaida, nyeusi, ina keria nyuma na kengele isiyolia.

Kengele ya nini, wakati breki zipo?

Breki zangu zilikuwa na kelele, jamani! Nikizigusa tu, ngwiiiii! Mbwa wanaamka. Watoto wanaitwa ndani. Kuna baba mmoja alishawahi kunirushia ndala, na alinipata.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Anauza kwenye duka la dawa karibu na kiwanda chetu cha mikate. Jioni nampakia kwenye keria, tunashuka mteremko mkali wa mtaani kwao, nimeshika breki tangu juu, ngwiiiii, mpaka kona ya mwisho, anaruka chini. Anamalizia kwa miguu hadi getini. Akiulizwa, anasema amepewa lifti na mwenzake wa kazini.

Mwaka mzima hakuna aliyetushtukia. Tulijiona majasusi.

Shida ilikuwa baba yake.

Mzee alifundisha udereva maisha yake yote. Si mnayajua yale magari ya kufundishia, mwalimu anakuwa na breki yake upande wa abiria? Basi mzee alistaafu, mguu wake ukakataa kustaafu. Ukiongea haraka, mguu wa kulia unakanyaga sakafu. Mkewe akijaza chai mpaka ukingoni, anakanyaga. Zulia la sebuleni kwao limetoboka sehemu moja tu.

Kuna mhasibu alikwenda pale kuposa na gari zuri, akaliegesha mbele ya geti la jirani. Mzee akamwambia, "Mwanangu, karudie mtihani." Jamaa hajaonekana tena.

Siku mchumba wangu alipojikaza akamwambia baba yake kuna mtu anataka kuja, mzee alijibu kwa kifupi.

"Aje Jumapili. Na aje na baiskeli yake."

Nikaganda. "Umemwambia nina baiskeli?"

"Sijamwambia kitu!"

"Basi kaulizia mtaani. Anataka kuikagua. Nimekwisha!"

Mchumba wangu hakucheka. "Baba akikukataa, mimi sina nguvu ya kumpinga. Nakupenda, lakini sina. Tafadhali, usiniaibishe."

Nilikosa raha wiki nzima. Nilimpenda yule dada, nampenda mpaka leo.

Jumamosi baada ya kazi nikaipindua baiskeli uani kiwandani. Nikaiosha yote, spoku nikazisugua na mswaki. Mswaki wangu, ndiyo, mna swali? Nikapampu matairi mpaka dole gumba likashindwa kuyabonyeza. Nikakaza nati. Mnyororo nikautia oili tone tone, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa.

Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa. Chukueni hayo.

Zikabaki breki. Ndipo akatokea mwenzangu wa kazini, tunamwita Hamira, kwa sababu hakuna jambo litakalotajwa yeye asiumuke.

"Kaka, trei ikigoma kuachia mkate, tunafanyaje?"

"Tunapaka mafuta."

"Mlango wa tanuri ukilia?"

"Tunapaka mafuta."

"Sasa hizo breki zimekosa nini?"

Haki ya Mungu, nilimwona ana akili! Kwetu kiwandani hakuna tatizo lisilopakwa mafuta. Nikabeba kopo la mafuta ya trei na brashi yake, nikapaka raba za breki, nikapaka na ringi zote mbili, kwa mapenzi kabisa. Nikazungusha gurudumu, nikashika breki.

Kimya. Gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Ona lilivyo laini," nikasema.

"Laini sana," akasema Hamira.

Mijitu miwili mizima, jamani!

Jumapili nikavaa shati jeupe, mguu wa suruali nikauchomeka kwenye soksi usiliwe na mnyororo. Nyuma kwenye keria nikafunga keki niliyoioka mwenyewe. Kutoka kwangu hadi juu ya mteremko ni tambarare tupu, na barabara haikuwa na watu. Sikuhitaji breki hata mara moja.

Nikaanza kushuka, najipigia mluzi.

Nikashika breki. Hakuna kitu.

Nikashika zote mbili, kwa mikono hii inayokanda unga kila siku. Hakuna kitu! Ringi zilikuwa zinateleza kwenye raba kama mkate unavyotoka kwenye trei. Nikaburuza viatu chini, soli moja ikabaki barabarani. Kona nikaikata sijui kwa maombi ya nani, na mbele yangu nikaona geti la kwao liko wazi.

Mzee alikuwa kibarazani, kakaa kwenye kiti, shati limenyooshwa pasi. Nikaona mguu wake wa kulia. Umenyooka, unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Masikini mzee wa watu, alikuwa ananifungia breki.

"Shikamoo baba!" nikapiga kelele nikimpita.

"Marahabaaa!" akaitikia, bado anakanyaga.

Nikaingia kwenye kamba ya nguo. Shuka likanivaa. Baada ya hapo sikuona kitu, nilisikia tu mbao, bati, na kuku wote wakinitukana kwa pamoja.

Nikalala pale chini. Nikasikia kandambili za mzee zinakuja. Nikajua sasa nafukuzwa, nikaona bora niseme kabla sijafukuzwa.

"Baba! Nimekuja kumposa binti yako!"

Jogoo akanipanda mgongoni.

Mkono ukavuta shuka. "Umeumia?"

"Hapana, baba."

"Hiyo ni nini nyuma?"

"Keki yako, baba."

Keki ilikuwa haijasogea hata kidogo. Mzigo fungeni kwa mipira miwili, wapendwa, msifunge kwa mmoja.

Mzee hakuitazama keki. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ringi, akanusa.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya trei za mikate."

"Nani kakuambia uzinyamazishe breki?"

"Zilikuwa na kelele, baba. Nilitaka nije kwa heshima."

Mzee akaketi juu ya ndoo iliyopinduka.

"Mwaka mzima," akasema, "kila jioni nakaa pale kibarazani. Nazisikia hizi breki tangu juu kabisa. Zinalia polepole mpaka kwenye kona, zinanyamaza. Halafu mwanangu anaingia getini, ananiambia kapewa lifti."

Mchumba wangu alikuwa mlangoni na mama yake. Akaanza kuchunguza kucha zake.

"Sura yako sikuijua," mzee akaendelea. "Nilichojua ni kwamba hujawahi kumshusha mwanangu mteremko ule bila kushika breki. Hata siku moja. Nilishakukubali zamani, wewe. Leo nilikuita nikwambie. Baiskeli nilitaka uje nayo ili nikusikie ukifika."

Akajifuta mafuta kidoleni.

"Na umekuja kimya. Nimekaa pale naona mtoto wa watu anakufa mbele yangu."

Nilijisikia vibaya sana, jamani. Nililia palepale, na manyoya mdomoni.

"Baba, kwa hiyo jibu..."

"Jibu liko kule kwenye kona. Osha hizo breki, ukalifuate kutokea juu."

Mama mkwe akachemsha maji. Nikaosha ringi kwa sabuni ya vyombo, nikaosha tena mpaka kidole kikakwama. Raba nikazichomoa, nikazikwangua kwa msasa, nikazirudisha. Nikaijaribu baiskeli palepale uani, kwa kuisukuma huku nimeshika breki. Ikagoma kwenda. Ndipo nikaikokota mpaka juu, kiatu kimoja hakina soli, na majirani wote nje.

Nikashuka.

Ngwiiiiiiii!

Mbwa wakaamka mtaa mzima. Ndala ikapita karibu na sikio langu, na safari hii niliipungia mkono.

Mchumba wangu ananiambia mzee alikuwa kafumba macho. Kelele ilipofika kwenye kona na kunyamaza, mguu wake ukaachia sakafu.

"Amefaulu," akasema. "Kateni keki."

Basi, wapanda baiskeli wenzangu, mafuta ni ya mnyororo. Breki hazipakwi mafuta, hata akushauri nani. Na zijaribu ukiwa bado umesimama chini, usingoje mteremko ukujaribie. Hamira juzi kaja na wazo kuhusu matairi, nikaziba masikio.

Siku hizi tunaishi jirani na mzee. Breki zinafanya kazi vizuri ila kelele ziko palepale, na ukitaka kuzinyamazisha atakugombeza yeye kabla yangu. Mke wangu anasema jioni baba yake akiandaliwa chakula hunawa, kisha hukaa tu akikitazama.

Hakigusi mpaka anisikie kwenye kona.