Mama Ameamka

Dada yangu Ernesta si mtu wa aibu, lakini siku ya maonyesho ya picha pale Same alioga mara mbili, na bado akaninusisha kiganja. "Beatha, nanuka samaki?" Nikamwambia ananukia kama bibi harusi. Nilimdanganya kidogo. Tangu aolewe kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu anabanika perege, na moshi umeshamwingia hadi kwenye nywele.

Hofu yake niliijua. Irine, binti yake aliyesomeshwa kwa perege haohao, hakuwahi kuleta rafiki hata mmoja nyumbani. "Ananionea haya," dada aliniambia njiani, machozi yakimlenga. Mimi nilishaandaa maneno makali ya kumpa huyo mtoto.

Ukumbini watu walijazana mbele ya picha aliyoichora Irine. Ulikuwa mwalo wetu, mitumbwi imeegeshwa kando ya maji, ila yote imefifia kwenye kijivu kizito, na pembeni chini kuna rangi ya chungwa kidogo. Jina la picha lilibandikwa ukutani: Mama Ameamka.

"Haya ni majonzi," alisema bwana mmoja mwenye miwani. "Mama alizama, na roho yake imeamka ndani ya ukungu." Wengine walimtafuta mama kwenye kila mtumbwi. Hata mimi nilimtafuta, nikapandwa na hasira. Mwalo mzima kauchora, mama yake kamwacha!

Ernesta alisogea hadi kwenye ile rangi ya chungwa. "Hili jiko langu," alisema taratibu. "Na huu si ukungu, Beatha. Ni moshi wangu."

Irine alikuwa amekuja nyuma yetu. Akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Utotoni nikifumbua macho nikauona moshi dirishani, najua mama ameamka, leo tutakula. Basi nalala tena."

Akamshika mkono, akamgeuza kwa wageni. "Huyu ndiye mama wa kwenye picha," alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Rafiki zangu wanaomba waje Jumamosi walione jiko."

Maneno yangu makali niliyameza. Nililia kwa fahari, sifichi.

Yule bwana wa miwani akanyoosha mkono. Dada alikificha kiganja chake kwenye kanga, kisha akakitoa, akamshika barabara.

"Waje," alimwambia Irine, kichwa juu. "Ila watanuka moshi wiki nzima."